Jina la Mkwe

Fundi anayechomelea chuma ni kipofu kwa muda. Ukishaiteremsha ile kofia nyeusi usoni huoni dunia, unaona nukta moja ya moto tu, na nukta hiyo huiachi hata nyuma yako ikipita harusi na matarumbeta yake. Adriano alilijua hilo. Ndiyo maana Ijumaa ile asubuhi, kabla hajaiteremsha, alimgeuza mwanawe Loth akatazama ukuta wa kibanda, akamtia andazi mkononi, akamvutia kofia yake ya sufi mpaka masikioni, maana upepo wa Julai wa Sumbawanga hauna huruma hata kwa mtoto.

"Kaa hapo hapo," akamwambia. "Usiangalie moto. Umesikia?"

Loth alikuwa na miaka miwili na miezi mitano. Alimtazama baba yake kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa mlango wa choo katika nyumba ya watu.

"Haya, mgeni," akasema.

Steven, fundi mwenzake aliyekuwa anakata nondo pembeni, alicheka mpaka msumeno ukamponyoka. "Mgeni siku mbili, bwana! Ya tatu mpe jembe. Wewe kwa mwanao leo ya ngapi?"

"Ya tano," Adriano akasema. "Funga mdomo, kata nondo."

Kisa chenyewe si kirefu. Loth alipoachishwa ziwa alipelekwa kijijini Mpui kwa bibi yake Cornelia, mama mzazi wa Edith, kama watoto wengi wanavyopelekwa, kwamba akae miezi miwili alisahau ziwa arudi. Miezi miwili ikazaa mwaka na nusu. Kule Mpui, mama ni Cornelia. Edith aliyemzaa anaitwa Edita, kwa sababu ndivyo bibi anavyomwita binti yake. Na Adriano? Ah, hapo ndipo penye kazi. Cornelia ni mama wa zamani, na kwake jina la mkwe halipiti mdomoni. Wala hakuweza kumwita Baba Loth kama dunia yote ifanyavyo, maana mtoto alipewa jina la babu yake, marehemu mume wa Cornelia. Kwa hiyo Baba Loth, kwa Cornelia, ni baba mkwe wake, aliyezikwa Mpui miaka mingi. Basi miaka minne yote ya ndoa Adriano akienda kusalimia, sauti ya mama mkwe inasikika toka jikoni: "Mgeni amefika. Mgeni apewe maji. Mgeni ameshakula?" Mtoto akasikia, akajua huyu bwana mrefu anaitwa Mgeni. Nani wa kumlaumu?

Adriano alimlaumu kila mtu. Ni yeye aliyesema basi, inatosha, mwanangu hatakua akiniita mgeni. Jumatatu wakamfuata. Loth akalia toka Mpui mpaka Sumbawanga, abiria wakaomba ashushwe yeye au washushwe wao. Siku zilizofuata akatumbukiza simu ya Edith kwenye ndoo ya maji, akasusa ugali mweupe akidai wa ulezi, akamwagia unga wa sembe paka wa mwenye nyumba. Usiku alilala amekumbatia viatu vyake, kwa sababu, alisema, kesho anakwenda kwa mama.

Mshono wa dirisha la chuma alilokuwa anachomelea ulikuwa mfupi, dakika tatu, labda nne. Adriano akainua kofia, akageuka. Ukuta ulikuwepo. Mtoto hakuwepo, wala andazi.

*

Edith alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye saluni anakosukia, kakishika kichwa cha bibi harusi mtarajiwa, nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Alipomwona mumewe mlangoni akihema, mikono mitupu, hakutoa salamu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Hajaja huku?"

"Adriano, mtoto yuko wapi? Umempoteza?"

"Sijampoteza. Ametoka."

"Ametoka!" Edith akakitupa kitana. "Ana miaka miwili, anatoka anakwenda wapi? Baa? Benki?"

"Nilikuwa nachomelea. Ningefanya nini, nimfunge kamba?"

"Ungemwacha kwa mama! Angekuwa anachezea pumba za ulezi saa hizi, ana raha zake. Lakini wewe, eti lazima niitwe baba, lazima niitwe baba. Haya, kaitwe!"

Yule bibi harusi akajivutia kanga kichwani mwenyewe. "Nenda dada," akamwambia Edith. "Nenda, mimi nitasubiri."

Wakapita mtaa wote wa Majengo. Wakaingia maduka ya nguo, wakachungulia nyuma ya magunia ya maharage, wakauliza vijana wa bodaboda. Kila mtu alikuwa na swali lake. Amevaa nini? Sweta ya kijani, kofia ya sufi. Mmemwacha na nani? Na baba yake. Ahaa, na baba yake! Hiyo "ahaa" Adriano aliisikia mara saba. Mama mmoja muuza dagaa akamtazama juu mpaka chini, akasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kisha akaongeza, "mzazi mwanamke." Adriano akaendelea kutafuta. Mtoto ndiye aliyepotea, si yeye.

Saa tano ilikuwa imepita pale muuza viazi mmoja alipowaambia amemwona mtoto wa kofia ya sufi akimfuata mama mzee mmoja, kashika kitenge chake, analia "mama, mama." Mzee amemwingiza ofisi ya mtaa, ile ya kule mbele, yenye bendera.

Edith alikimbia bila kuaga. Adriano akamfuata, akimshukuru Mungu kwa sauti. Alidhani yameisha.

*

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza moja. Nyuma ya meza alikaa mtendaji wa mtaa, dada mmoja aitwaye Rhoda, mgeni wa Ufipa, amehamishiwa huku mwaka huo huo. Mtu wa sweta mbili na sheria nyingi. Mlangoni alisimama mgambo, Ngeleja. Na kwenye benchi alikaa mama mzee, Bertha, na kindoo cha unga miguuni; mapajani mwake Loth ametulia tuli, anatafuna hindi la kuchoma.

"Loth!" Edith akamrukia.

Ngeleja akanyoosha mkono. "Taratibu, dada."

"Taratibu nini? Ni mwanangu!"

"Kila anayeingia hapa atasema hivyo," Rhoda alisema bila kelele. "Kaeni. Juzi tumeitwa kikaoni, tumeambiwa kuna watoto wanachukuliwa mjini hapa. Mimi mtoto simtoi hivi hivi, kama kuku. Mama, hebu waeleze."

"Mimi nimetoka zangu kusaga," Bertha akasema, "nasikia kitenge kinavutwa. Kugeuka, kumbe mjukuu wa watu. Ananiita mama. Nikasema, mwanangu, mimi kuzaa nilishaacha zamani. Hataki. Ndiyo nikamleta hapa."

"Asante sana, mama yangu," Adriano akasema. "Mungu akubariki. Sasa, mtendaji, huyu ni mwanangu. Tunaomba tumchukue, nina kazi ya watu nimeiacha."

Rhoda akamwinamia Loth. Ilikuwa sauti nzuri kabisa, ya mtu anayependa watoto, na hilo ndilo lililomuudhi Adriano zaidi baadaye alipokumbuka.

"Loth, eeh? Huyu ni nani?" akamwonyesha Adriano.

Loth alitoa hindi mdomoni. "Mgeni."

Rhoda akamwonyesha Edith.

"Na huyu?"

"Edita."

"Mama yako yuko wapi?"

Loth akaonyesha mlangoni, kule inakokwenda barabara. "Mama kule."

"Sema mama!" Edith alipiga magoti mbele yake, machozi yanamtoka. "Loth, mimi ni mama. Mimi! Sema mama!"

Loth, akiona mtu mzima analia, alimhurumia. Akamnyooshea hindi. "Edita, kula."

Wee! Adriano alieleza, akaeleza tena. Alieleza habari ya ziwa, habari ya Mpui, habari ya bibi. Alipofika kwenye neno mgeni akajisikia mwenyewe anavyosikika: mwanaume mzima, mikono myeusi kwa masizi, anaiambia serikali kwamba mwanawe anamwita mgeni kwa sababu ya heshima. Rhoda alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kadi ya kliniki. Iko Mpui, bibi ndiye anayempeleka kliniki. Cheti cha kuzaliwa? Bado hakijafuatiliwa. Picha? Simu ya Edith iko kwenye debe la mchele tangu juzi, inakaushwa. Simu ya Adriano ni kitochi, haipigi picha. Basi Rhoda akampigia mwenyekiti wa mtaa wanaokaa, akaweka sauti kubwa.

"Adriano na mkewe nawajua," sauti ikajibu, kwa nia njema kabisa. "Watu wazuri. Wako hapa mwaka wa pili. Lakini mtoto? Hapana, hao hawana mtoto. Sijawahi kuwaona na mtoto."

"Tuna mtoto!" Edith akapiga kelele.

"Basi mimi simjui," mwenyekiti akasema, akakata.

Adriano akapiga meza. Ulikuwa ujinga, na alijua ni ujinga kabla mkono haujafika. Kalamu zikaruka, Loth akaanza kulia, Ngeleja akasogea. Nje, dirishani, vichwa vilishaanza kujipanga. "Kuna nini?" mtu akauliza. Mwingine akamjibu, "Wamekamatwa wezi wa watoto." Neno hilo lilipita barabarani haraka kuliko pikipiki. Adriano alilisikia likirudiwa mbali zaidi, na mbali zaidi. Alijua watu wakishaliamini neno hilo hawasubiri polisi. Ngeleja naye alijua. Akafunga mlango kwa komeo.

"Kaa chini, kaka," Rhoda akasema. "Kaa chini kwa faida yako. Nisikilize. Leo Ijumaa. Nampigia mtendaji wa kijiji huko Mpui, namba ninayo mimi kwenye orodha yangu, si mnayonipa ninyi. Amtafute huyo bibi. Nikimpata na maneno yake yakifanana na yenu, mtoto wenu. Saa tisa ikifika sijampata, ninyi mnakwenda polisi, mtoto anakwenda ustawi wa jamii mpaka Jumatatu."

"Mpaka Jumatatu!" Edith akashika kichwa. "Siku tatu atalala kwa nani?"

Rhoda alikuwa ameshainua simu.

*

Cornelia hakuwepo nyumbani. Alikuwa shambani kwa jirani, wanapura ulezi. Mtendaji wa kijiji akamtuma mtu kwa baiskeli. Wakasubiri.

Kusubiri na mtoto wa miaka miwili kwenye ofisi ya serikali ni adhabu peke yake. Loth alipanda benchi akashuka. Akaomba maji, akayamwaga. Akaingia chini ya meza akatoka na muhuri, na kabla mtu hajamwahi akajigonga nao tumboni, mara mbili, safi kabisa, wino wa bluu.

"Sasa huyu ni mali ya serikali," Ngeleja akasema, na hata Rhoda alicheka. Edith hakucheka. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, hamtazami mumewe.

"Umeona?" akamwambia, polepole, ili wengine wasisikie. "Sisi tunajua mtoto huyu ni wa nani, yeye mwenyewe hajui."

"Ndiyo maana nilitaka tumlete."

"Umechelewa. Wote wawili tumechelewa." Akajifuta pua kwa kanga. "Angalau wewe unaitwa mgeni. Mimi naitwa kama dada yake."



Saa nane na nusu simu ikaita. Rhoda akaweka sauti kubwa, akafungua daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya Cornelia ilikuwa inahema. "Mtoto mzima?"

"Mama!" Loth akaruka. Alipanda kiti, akapanda meza, akaweka mdomo kwenye simu. "Mama! Njoo! Mama, njoo!"

"Uwiii, mume wangu!" Cornelia akalia kule Mpui. "Nani amekuliza, mume wangu?"

Rhoda akamwondoa mtoto taratibu, akampa Bertha. "Mama, nina maswali machache. Mtoto anaitwa nani?"

"Si huyo, mume wangu. Kanisani anaitwa Loth."

"Mama yake mzazi?"

"Edita. Mwanangu wa tatu."

Edith akafumba macho. Rhoda akaandika, akainua kalamu.

"Baba yake?"

Kimya.

"Mama, uko hewani?"

"Nipo."

"Baba yake anaitwa nani?"

"Ni... mgeni wetu."

Dirishani watu wakaguna. Adriano akatazama sakafu.

"Mgeni si jina, mama."

"Ni fundi. Mrefu. Ana kovu kidevuni."

Rhoda akakitazama kidevu cha Adriano. "Kovu naliona. Lakini hapa pameandikwa jina, siwezi kuandika kovu. Haya, hata kama humtaji, si useme Baba nani? Baba Loth, si ndiyo?"

"Hapana, hapana!" Cornelia akashtuka. "Baba Loth amekufa! Nimemzika mimi mwenyewe!"

Ilikuwa kama mtu amemwaga maji kwenye mafuta ya moto. Nje wakapiga yowe. "Amesema baba wa mtoto amekufa!" Kokoto moja ikagonga bati. Edith akasimama akaanza kueleza, Loth ni babu, jina ni la babu, lakini nani alikuwa anasikiliza? Rhoda alimtazama Adriano, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake yalikuwa na woga.

"Mwanangu," Bertha akamwambia Rhoda, "wewe si wa huku. Mkwe hatajwi. Mama mkwe atamtajaje? Mimi mwenyewe wangu sijamtaja toka anaoa."

"Bibi, mimi nitaandika nini?"

"Mwacheni!" Adriano alisimama. "Mwacheni mama, msimlazimishe. Nipelekeni polisi, basi. Siwezi kumsikia mama mkwe wangu anaaibishwa mbele ya watu kwa ajili yangu."

Edith akamgeukia. "Aibu? Unaona aibu? Mwanangu anakwenda kulala kwa watu mpaka Jumatatu, wewe unalinda heshima! Mama!" Akaishika meza kwa mikono miwili, akainamia simu. "Mama, sema! Usiponisaidia leo, sina mtoto. Mtaje!"

Kule Mpui ulisikika upepo, na mtu akikohoa. Kisha sauti ya Cornelia ikaja, ndogo, kavu, kama ya mtu anayeungama.

"Adriano. Anaitwa Adriano. Mwana wa Polikarp, wa kule Kaoze. Alilipa mahari akaoa kanisani, mimi nipo. Ndiye baba wa mtoto. Adriano, Adriano, Adriano! Haya, nimemtaja. Mmefurahi? Mpeni mtoto wake."

Rhoda aliandika.

Adriano alisogea mezani. Hakuwahi kuongea na mama mkwe wake kwa simu. Akainamisha kichwa, kama vile yule mama angeweza kumwona.

"Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba," Cornelia akasema. "Marahaba, mgeni." Akakata simu.

*

Ngeleja ndiye aliyetoka kwanza, akawaambia watu kwamba hakuna mwizi, nendeni mkafanye kazi zenu. Wengine waliondoka wamechukia, kama waliolipa kiingilio wakakuta mechi imeahirishwa. Rhoda alimpa Adriano daftari asaini. Alisaini. Akaambiwa kadi ya kliniki iletwe mjini, na cheti kifuatiliwe. Akasema ndiyo. Alikuwa amechoka kiasi kwamba angeambiwa alete hata cheti cha paka angesema ndiyo.

Loth aliagana na Bertha kwa kilio, akatembea kati ya wazazi wake bila kumshika mkono yeyote. Edith alikuwa bado hasemi na mumewe. Barabara ilikuwa ndefu, upepo unapeperusha vumbi machoni. Walipofika kwenye wauza dagaa, mtoto akasimama. Miguu ilikuwa imekataa. Akamtazama Edith, akamtazama baba yake, akafikiri, uso ukamkunjamana kama mtu anayetafuta kitu alichokisikia muda si mrefu.

"Adiano," akasema. "Adiano, beba."

Wanawake wa dagaa wakapasuka kwa kicheko. "Makubwa haya! Mtoto anamwita baba yake jina! Na baba mwenyewe katulia!"

"Loth!" Edith aliona haya. "Huyu si Adriano, huyu ni baba. Sema ba—"

"Mwache," Adriano akasema.

Loth akainua mikono yote miwili. "Adiano!"

"Naam, baba," Adriano akaitika, akachuchumaa katikati ya njia.